Kasha la Kikatiti

Asubuhi hiyo Swabaha alikunywa chai yake ya tangawizi kwa utulivu, akaivaa hijabu, akaenda kazini kama kawaida. Alikuwa fundi kompyuta wa hospitali moja ya binafsi hapa Themi, na hospitali ilikuwa imekwama. Ukibonyeza jina la mgonjwa, unasonga ugali unaiva, faili bado.

"Mpaka saa kumi iwe imepona," bosi wake, Abdulhalim, alimwambia. "Ama umfuate Yona."

Yona ndiye aliyekuwa fundi kabla yake. Alifukuzwa kwa kosa hilohilo, akafa kwa kihoro huko kwao Kikatiti. Msibani bosi alipeleka kreti moja ya soda. Mkarimu huyo!

Swabaha akapima. Zile mashine pepe, kompyuta zisizo na mwili, zilizojazana ndani ya kompyuta moja kubwa kama wapangaji wa Kaloleni, hazikuwa na ugonjwa. Zilikuwa zinasubiri. Kila zilichoandika kilipita kwenye mtandao kwenda kutunzwa katika makasha matatu ya kuhifadhia data: la Themi, la Kaloleni na la tawi la Kikatiti. Mpaka yote matatu yajibu "nimepokea", hakuna kinachosogea. La Kikatiti ndilo lililochelewa.

Akaenda. Jua la saa sita, utosini.

Mlinzi wa tawi, Mama Tabitha, alimfungulia chumba, akabaki mlangoni.

"Mbona huingii, mama?"

"Ingia wewe unayelipwa," akanong'ona. "Hilo kasha Yona alilichomoa mwenyewe siku ya kufukuzwa. Halijawashwa tena."

Swabaha akainama. Waya wa umeme, hakuna. Waya wa mtandao, hakuna. Akaligusa.

Lilikuwa na joto. Joto la shavu la mtu.

Kwenye laptop yake, kasha lilikuwa linajibu. Polepole. Nimepokea. Nimepokea.

Akalifuta kwenye mfumo. Simu ikaita papo hapo.

"Umeua, binti!" Abdulhalim alicheka. "Inaruka kama swala!"

Kazi imepona. Mtoto atakula. Swabaha akatazama kioo cha laptop tena.

Makasha bado yalikuwa matatu. La tatu halikuwa na jina, wala mahali.

Jioni, nyumbani, bintiye Batuli alimkimbilia. "Mama!"

Alimsikia. Akataka kuitika. Ulimi ukagoma.

"Mama? Mama!" Mtoto akaanza kulia.

Swabaha amesimama, mdomo wazi. Ndani ya sikio lake mwanamume akakohoa. Akasema taratibu, "Nimepokea."

Ndipo sauti ikamtoka. "Naam, mwanangu."

Hospitali inaruka mpaka leo. Swabaha ukimpa salamu, tua kikapu chini, usubiri.