Taulo la Mchochea Moto

Baba aliniomba picha moja tu. Picha ya Rafaeli ikirudi.

Rafaeli ni meli ya kuni ya Ziwa Nyasa, iliyoliwa na kutu miaka mingi hadi mafundi walipoifufua mwaka huu. Baba yangu, mzee Bernadi, alikuwa mchochea moto wake enzi za ujana. Alipokwenda kuoa, rafiki yake Isidori alimshikia zamu. Safari hiyohiyo bomba la mvuke likapasuka, Isidori akafa. Baba hakurudi ziwani tena. Alipanda milimani, Maguu, akalima kahawa hadi miguu ikamgomea.

Miaka miwili alikuwa kitandani. Mimi na mdogo wangu Kunigunda tulimwogesha, tulimgeuza, tulimnywesha uji. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema. Huu ulikuwa wetu, na sitaficha, nilikuwa nimechoka.

"Asubuhi inakwenda Lituhi, jioni inarudi Mbamba Bay," alisema. "Ya kwenda iache. Mimi nataka ya kurudi."

Akachomoa chini ya mto taulo lake la kazi, jekundu, limeungua pindo.

"Ukiiona, nipungie na hili."

"Nimpungie nani, baba?"

"Wewe punga tu, Anjela. Nimechoka, mwanangu."

Mimi nina studio Mbinga mjini. Napiga picha za paspoti, za komunio ya kwanza, za harusi. Meli sikuwahi kuifukuzia. Nilipanga kuisubiri Liuli, niipige, kisha niwahi mbele yake kwa pikipiki niipige tena. Mipango ya mtu wa milimani! Nilipata pancha kabla ya kuuona hata mkia wa ziwa. Fundi akaziba, ikatoboka tena. Nilipofika ufukwe wa Lipingo jua lilikuwa linagusa maji.

Hapakuwa na mtu. Vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwa hili, vilikuwa vitupu. Nilikaa juu ya mchanga, kamera mapajani, nikawaza namna ya kumwambia mgonjwa kwamba nimeikosa.

Ndipo nikasikia.

Tuku... tuku... tuku...

Harufu ilitangulia. Moshi wa kuni mbichi, na mafuta ya mashine. Kisha meli ikatokea, nyeusi, jua likiwa nyuma yake. Haikuwa na taa hata moja. Nilidhani wanabana umeme. Nikapiga picha tano, sita, nikifurahi kama mtoto. Baba ataipata picha yake!

Nikalikumbuka taulo. Nikasimama, nikalipunga juu ya kichwa. Meli ikaendelea na safari. Nikaona hawakuniona, basi nikalipunga tena, kwa nguvu zaidi.

Honi ikalia. Ndefu...

Mashine ikanyamaza.

Mtumbwi ulishushwa. Ulikuja na mtu mmoja, akipiga kasia taratibu, na sikusikia kasia likigusa maji. Niliinua kamera, nikampiga picha. Alisimama hatua chache kutoka ufukweni. Sura yake sikuiona, jua lilikuwa mgongoni kwake.

"Umepunga," alisema kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa nasalimia tu. Baba yangu aliwahi kufanya kazi humo."

"Bernadi."

Sikuwa nimelitaja jina.

"Shikamoo," nilisema.

Hakuitikia.

"Zamu yake nimeishika siku nyingi," alisema. "Nimechoka."

Aligeuza mtumbwi. Mkono wangu, kwa mazoea ya kazi, ukapiga picha moja zaidi. Nilipotoa jicho kwenye kamera, ziwa lilikuwa jeupe na tulivu. Hapakuwa na meli wala mtumbwi. Moshi tu, ukinikereketa kooni.

"Wewe mwanamke! Unafanya nini hapo?"

Alikuwa mama mmoja, tochi mkononi, ungo wa usipa kichwani. Baadaye aliniambia anaitwa Mama Ottilia. Nilimwamkia, nikamwambia napiga picha za meli.

"Meli ipi? Rafaeli imepita hapa saa tisa, na kwaya inaimba. Tumeipungia mikono."

"Mimi nimeipungia taulo."

Tochi ilishuka polepole.

"Umetoka wapi, mama?"

"Maguu."

"Ndiyo maana," alinong'ona. "Huku hatuna gati. Ukitaka kusalimia meli unapunga mkono. Ukipunga kitambaa, unaomba ije ichukue abiria."

Simu yangu ikaita. Kunigunda.

"Dada..." Alikuwa analia. "Baba ametutoka. Sasa hivi tu, jua likizama. Na dada... miguu yake imelowa hadi vifundoni. Leo mimi sijamwogesha."

Nilikaa chini. Nikafungua kamera, sijui kwa nini. Picha ya mtumbwi ukija ilikuwa na mtu mmoja. Picha ya mtumbwi ukirudi ilikuwa na wawili. Wa pili alinipa mgongo. Mgongo ule niliusugua kwa kitambaa miaka miwili, naujua kila mfupa. Nililia kwa sauti. Alijua, mzee yule! Alijua taulo lina kazi gani, akanituma mimi nisiyejua, na hakuniaga.

Mama Ottilia alinishika bega, akaniacha nilie. Kisha akauliza, taratibu sana.

"Ulipunga mara ngapi?"

"Mara mbili. Mara ya kwanza hawakuniona."

Aliondoa mkono wake.

"Walikuona," alisema. "Wanasubiri umalize kupunga. Kila kupunga ni abiria mmoja."

Tulimzika baba Maguu, na taulo lake nikaliweka kwenye jeneza. Kunigunda nilimchukua, tukaishi wote Mbinga, maana nyumba ya mgonjwa ikibaki bila mgonjwa inachosha zaidi. Ya kupunga mara mbili sikumwambia. Ningemwambiaje?

Leo jioni nilikuwa nafunga studio. Honi ikalia, ndefu... Kutoka Mbinga hadi ziwani kuna milima mitupu, hata radi ya huko hatuisikii.

Kunigunda alikuwa amesimama mlangoni na funguo.

"Dada, umesikia?"

"Sijasikia kitu," nilisema.

Nikavua ndala gizani, nikapapasa miguu yangu. Ilikuwa mikavu.

Yeye alikuwa amevaa viatu vya kufunika. Tulitembea hadi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma, na hadi naandika haya sijamwambia avivue.