Masomo Sita kwa Kichwa Kimoja

Mtihani wa kuingia chuo? Huo mimi nilikuwa naufanya nimefumba jicho moja, hilo jingine likitazama mpira. Ndivyo nilivyowaambia wateja wa baba Jumamosi ile, kifua mbele, wala sikuona haya.

Baba yangu ni kinyozi. Jumamosi mimi hufagia nywele, huchemsha maji ya kulowekea taulo na kuwachokoza wanaosubiri zamu. Siku hiyo kwenye benchi alikuwepo Kamusi, mwenzangu wa darasani. Tulimpa jina hilo kwa sababu ukimuuliza saa ngapi, atakueleza kwanza saa inavyotengenezwa.

"Kamusi, mwanangu," baba akamuuliza, "umechagua masomo mangapi?"

Hapo nieleze kidogo. Kwetu, anayetaka chuo hufanya mitihani ya masomo anayoyachagua mwenyewe, kila somo na mtihani wake. Yasipungue mawili, yasizidi sita. Siku ya mwisho ya kujiandikisha ilikuwa Ijumaa iliyofuata.

"Mawili, mzee," Kamusi akajibu. "Hisabati na fizikia."

"Mawili!" nikadakia. "Hata kuku ana miguu miwili, na hakuna chuo kilichomwita! Mimi nafanya sita."

Benchi zima likaangua kicheko. Baba akageuka kunitazama, uso umemng'aa. "Sita?"

"Yote sita, baba."

Basi, imekwisha. Baba yangu hanyoi kimyakimya. Mdomo na mashine huwashwa pamoja na kuzimwa pamoja. Kufikia jioni, kila kichwa kilichotoka pale kilikuwa kimepunguzwa nywele na kuongezwa habari: mtoto wa kinyozi anafanya masomo sita.

Jumatatu tukaanza mitihani ya majaribio. Mwalimu wetu wa hisabati, ambaye ndiye msimamizi, akatuambia jambo kabla hatujashika kalamu.

"Chuo hupelekewa alama zote, nzuri na mbaya. Hakuna kuficha. Chuo cha upimaji ardhi, kwa mfano, kinataka hisabati na jiografia tu. Ukiwapelekea na kemia uliyoanguka, wataiona."

Upimaji ardhi ndio niliokuwa nautaka mimi. Tangu nikiwa mdogo nikiona watu wamesimamisha kile chombo chao cha miguu mitatu barabarani, siondoki mpaka wanifukuze. Kwa hiyo maneno ya mwalimu niliyasikia vizuri sana. Niliketi mstari wa mbele. Lakini ningewaambia nini wale wa kwenye benchi?

Nikafanya majaribio yote sita. Kemia ikanitoa jasho. Biolojia ikanicheka. Historia nilichanganya vita viwili vikawa kimoja. Hayo yote ningeyameza, ila karatasi ya hisabati iliporudishwa, hisabati yangu mimi, nikakuta nimepata nusu. Nilikuwa nimehangaika na historia mpaka hesabu nikazisahau.

Nilikasirika, jamani! Nilimkasirikia Kamusi kwa ule utulivu wake wa mtu anayetafuna karanga. Nilimkasirikia mwalimu kwa kusema kweli. Nyumbani nilikuwa nafunga milango kwa kishindo.

"Mlango umekukosea nini?" mama akauliza.

"Mbovu huu!"

"Mbovu mlango au mbovu wewe?"

Na baba kila jioni: "Yale sita yanaendaje, profesa wangu?"

"Vizuri," nikajibu, meno yamekazana.

Alhamisi jioni, mwalimu wa hisabati akaja kunyolewa. Baba akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, na mdomo nao ukawaka. Kamusi alikuwa kwenye benchi akingoja zamu. Mimi nikajifanya nafagia kona ya mbali.

"Kesho ndiyo mwisho wa kujiandikisha, mzee," mwalimu akasema. "Baada ya majaribio, nadhani kijana atabaki na mawili tu."

"Mawili?" Baba akacheka. "Mwalimu, sita! Mtaa mzima unajua!"

"Sita? Na alama alizopata kwenye majaribio?"

"Alama gani?"

"Hajakwambia? Kemia ameanguka, biolojia ameanguka, na hisabati..."

Mkono wa baba ukaruka. Mashine ikapanda kutoka paji la uso wa mwalimu hadi utosini, ikaacha barabara nyeupe katikati ya nywele.

Kisha baba akanigeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na kila siku unaniambia vizuri, vizuri!"

"Ningesemaje?" sauti yangu ikapanda kuliko nilivyotaka. "Wewe ndiye uliyewatangazia watu! Nikipunguza, nitapita wapi?"

"Sita niliyatoa kichwani mwangu mimi? Si uliyasema wewe, kwa mdomo huo huo?"

Mama, ambaye chumba chake cha kushonea kiko ukuta wa pili, akaingia na utepe wa kupimia shingoni. Hakunitazama mimi. Alimkabili baba.

"Baba watoto, wewe unanyoa watu au unawahutubia? Mtoto hali, halali, anapigana na milango, na wewe unahesabu sita, sita!"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

"Ulinyamaza lini hata nikuambie?"

"Nyamazeni!" Mwalimu alikuwa amesimama, kitambaa bado shingoni. "Mwenye haki ya kukasirika hapa ni mmoja, na ana barabara kichwani."

Mimi nikatoka nje kupunga hewa kidogo, Kamusi akanifuata, kisha tukarudi.

"Kijana, unataka kuwa nani?" mwalimu akaniuliza.

"Mpima ardhi."

"Kemia unamfanyia nani?"

Nikaokota ufagio.

"Wale wa kwenye benchi," nikasema.

Baba akaizima mashine. Akakaa kwenye benchi lenyewe, mahali pa wateja, akajifuta uso kwa kiganja.

"Hapo tumekosea wote wawili," akasema polepole. "Mimi nilifurahia sifa, nikasahau kukuuliza unataka nini."

"Sikilizeni," mwalimu akasema. "Mitihani si mashindano ya kubeba mizigo. Unachagua kile unachokihitaji, unakifanyia kazi kwa nguvu zako zote. Na ukiona umejitwisha kupita uwezo, sema mapema, hata kama utachekwa. Kicheko cha benchini kinaisha jioni ileile. Alama zitakufuata mpaka chuoni." Akarudi kitini. "Haya, mzee, nyoa zote. Siwezi kuingia darasani na barabara hii."

Ijumaa nikajiandikisha: hisabati na jiografia. Idadi ileile ya Kamusi, na kweli iliniuma. Baba mwenyewe akawaambia wateja. Walicheka sana, na jioni wakawa wanacheka mambo mengine. Nikasoma hayo mawili mpaka yakanizoea, na matokeo yalipotoka, chuo cha upimaji kikanipokea.

Wiki ya kuondoka nikapita kumuaga baba kazini. Benchi lilijaa watoto wa shule, na kwenye kiti kulikuwa na mtu amefunikwa uso na taulo ya moto.

"Kaka," mtoto mmoja akaniuliza, "uliamuaje masomo yako?"

Nikaweka mikono mfukoni. "Nilitulia tu. Mwanaume hapandishi hasira. Nikazungumza na wazee kwa heshima, basi, tukaelewana."

"Kwa heshima?" taulo ikauliza. "Si ulitoka nje ukaipiga teke ndoo, maji yote yakaingia kwenye viatu vyangu?"

Taulo ikashuka. Alikuwa Kamusi, mashavu yaking'aa kwa mvuke.

"Halafu ukasimama nyuma ya mlango unalia," akaendelea, "mpaka nikakuazima leso."

"Ni nywele," nikasema haraka. "Ziliniingia machoni."

"Nywele za nani? Nje kulikuwa na sisi wawili tu, na hakuna aliyekuwa ananyolewa."