Meza Haina Ngozi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Mbishi alikuwa na kazi moja isiyokwepeka: kumpelekea mama yake beseni la maji ya uvuguvugu chumbani kwa Bibi. Darasani alikuwa na jina lingine, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia. Alianza kuitwa Mbishi siku aliyobishana na daktari wa meno kuhusu jino lipi linamuuma, na ubishi huo akaushinda.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, na baridi iliingia mpaka kwenye mifupa. Mbishi alipoingia na beseni alimkuta Mama amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. Bibi alikuwa kitandani juu ya shuka lililolowa. Nepi aliyovalishwa alfajiri haikuwa mwilini, wala haikuwa kitandani.

"Iko wapi?" Mbishi akauliza.

"Chungulia nje," Mama akajibu.

Mbishi akachungulia dirishani. Nepi ilikuwa imetua juu ya ua, imening'inia upande wa jirani. Akaangua kicheko mpaka maji yakamwagika. Mama naye alijitahidi kukasirika, akashindwa.

Bibi alikuwa amepatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulipooza, na maneno yakamtoka karibu yote, yeye aliyekuwa bingwa wa kusimulia. Lakini mkono wake wa kushoto ulibaki na nguvu, tena nguvu za mtu mwenye hasira, na mkono huo ulikuwa na vita na nepi. Akivalishwa anaivuta, anaichana, anaitupa. Akishaitupa, hutamka neno moja tu.

"Moto," Bibi akasema.

"Anasikia baridi, masikini. Anataka moto," Mama akasema. Akafunga dirisha, akamwongezea Bibi blanketi la pili. Bibi akafumba macho kama mtu aliyechoka na watu wote wa nyumba hiyo.

Mara mlango ukagongwa, akaingia Shangazi. Alikuwa dada yake Baba, mtoto wa kwanza wa Bibi, na mtaa wa pili alikuwa na karakana ya kutengeneza nepi za watu wazima. Kila siku alipita kumjulia hali mama yake kabla ya kwenda kazini. Leo alishika ile nepi ya uani kwa vidole viwili.

"Wifi, jirani ananiuliza kama siku hizi nepi zinaanikwa kwenye ua," akasema.

"Nimechoka, wifi. Na tazama na hii." Mama akafunua kidogo. Ngozi ya Bibi nyongani ilikuwa nyekundu, imejaa vipele, na sehemu nyingine imechubuka.

Shangazi akainama, akatazama kwa uchungu. "Ni huu mkono. Anajikwaruza akivuta. Jioni nitaleta soksi nene, tutamvika mkononi, kisha tutaufunga kwenye ubavu wa kitanda kwa kitambaa laini. Ni kwa faida yake."

Bibi akafumbua macho. Hakumtazama Shangazi wala Mama. Alimtazama Mbishi, na jicho lake lilikuwa kavu, halina ombi hata kidogo, lina ukali mtupu. Mbishi akaliweka beseni chini.

"Hamumfungi," akasema.

"Nani amekuuliza wewe?" Shangazi akageuka.

"Huo mkono ndiyo mdomo wake uliobaki. Labda nepi ndiyo mbaya."

Shangazi alikuwa mtu wa kucheka na kila mtu, lakini nepi zake hazikuguswa. Alizianzisha kwa ajili ya mama yake huyu huyu, baada ya kuchoshwa na zile za dukani zilizokuwa zikivuja kila mara. Kuzisema vibaya ilikuwa sawa na kumwambia hampendi mama yake.

"Mbaya? Nimeimwagia jagi zima la maji mbele ya wateja. Haikuvuja hata tone."

"Uliimwagia wapi?"

"Mezani. Wapi tena?"

"Meza haina ngozi, Shangazi."

"Basi wewe mwenye ngozi, ivae." Shangazi akatoa nepi mpya mkobani, akaitupa juu ya kiti, akaondoka bila kuaga.

Mama akamshika Mbishi sikio, akalisokota barabara. "Ulimi wako huu utatugombanisha na ukoo mzima." Mbishi aliuma meno, lakini macho yake yalikuwa kitini. Shangazi alikuwa amesema kwa hasira, sawa. Lakini neno alikuwa amelisema, na Mbishi akaamua kulishika kama lilivyo.

Akaichukua ile nepi, akailowesha kwa maji ya uvuguvugu, akajizungushia mkono wa kushoto kuanzia begani mpaka chini ya kiwiko. Akabana vibandiko vyake, akavaa sweta juu, akaenda shule.

Kipindi cha kwanza hakusikia kitu. Kipindi cha pili mkono ukaanza kuwa na joto, na lastiki ya pembeni ikaanza kumla. Kufikia mapumziko alikuwa hatulii kwenye benchi, anajipinda huku na huku. Rafiki yake aliyekaa naye dawati moja, ambaye darasa zima lilimwita Miwani, akamsogelea.

"Mbona mkono mmoja umenenepa? Umeficha andazi?"

"Nimevaa nepi."

Miwani akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. "Mkononi?"

"Ndiyo, mkononi. Nataka kuivua, natamani kuichana vipande vipande. Lakini sivui mpaka kengele ya mwisho."

"Unasikiaje?"

"Moto," Mbishi akajibu.

Kisha akasimama ghafla, mdomo wazi. "Nimesema nini?"

"Umesema moto."

Mbishi akakaa chini. Bibi hakuwa anaomba moto. Alikuwa anawaambia kwamba anaungua. Na wao, kwa huruma yao yote, wakafunga madirisha, wakamlundikia mablanketi, na sasa wanatafuta kitambaa cha kumfunga mkono. Machozi yakamlenga, lakini yalikuwa ya hasira zaidi kuliko huzuni, akayapangusa kwa lile lile sweta.

Kengele ya mwisho ilipolia hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mpaka karakana.

Ilikuwa chumba kirefu chenye meza ya kukatia katikati. Ukutani yalipangwa marobota: kitambaa laini cha juu, pamba ya katikati, na nailoni nene nyeupe ya nje. Kwenye gunia pembeni kulikuwa na ule unga unaofyonza maji na kugeuka kuwa kama uji mzito. Wafanyakazi, vichwa vimefungwa vitambaa, walikuwa wakipanga tabaka moja juu ya jingine, na fundi wa mashine akizibana kingo kwa joto.

Mbishi akaamkia, akavua sweta mbele ya wote, akang'oa vibandiko. Nepi ikadondoka mezani. Mkono wake ulikuwa mweupe, umekunjamana kama uliosahauliwa ndani ya maji ya kufulia, na pale lastiki ilipokaa palikuwa na mstari mwekundu uliojaa vipele.

"Haikuvuja," Mbishi akasema. "Hapo umesema kweli, Shangazi. Maji hayakutoka. Na jasho halikutoka, na joto halikutoka. Bibi yuko hivi mchana na usiku, halafu akijivua tunataka kumfunga."

Wafanyakazi wakaacha kazi. Shangazi akaushika ule mkono, akaugeuza, akaubonyeza. "Ngozi ya mtoto ni nyepesi," akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Na ya mzee je? Ivae, Shangazi. Mpaka saa ya kufunga kazi. Ukiniambia ni salama, nitaenda kumwomba jirani radhi mimi mwenyewe, na sitafungua mdomo tena."

Fundi wa mashine akakohoa. Watu wote walimtazama bosi wao, na bosi alijua kwamba akikataa, hawatasema kitu mbele yake, ila watasema akiondoka. Akaipandisha mikono ya gauni lake. "Niletee maji," akasema shingo upande.

Alifanya kazi na nepi mkononi. Mwanzoni alitembea kwa maringo, akikagua huku na kule. Baadaye maringo yakapungua, akaanza kupuliza hewa ndani ya mkono wa gauni, akaanza kujikuna juu ya nailoni. Kabla watu hawajamaliza kufagia aliketi kwenye kiti, akaivua, akautazama mkono wake kwa muda mrefu. Mbishi alikuwa na maneno ya ushindi tayari mdomoni, lakini alipouona uso wa Shangazi akayameza.

"Wateja wangu wote walilalamikia kuvuja kwa zile za dukani," Shangazi akasema taratibu. "Hakuna hata mmoja aliyelalamikia joto."

"Waliolalamika ni wanaofua mashuka," Mbishi akajibu. "Wanaovaa walikuambia nini?"

Shangazi aliinuka, akapanda ngazi ndogo, akashusha robota lililojaa vumbi kwenye rafu ya juu kabisa. Ilikuwa nailoni nyembamba, laini, isiyong'aa.

"Niliuziwa hii kwa majaribio," akawaambia wafanyakazi. "Ina vitundu vidogo mno, jicho haliwezi kuviona. Tone la maji ni kubwa, halipiti. Mvuke unapita. Niliikataa kwa woga, nikasema kinachopitisha mvuke leo kesho kitapitisha maji. Sikuijaribu hata mara moja. Niliwaambia kwamba nailoni hii ni mbovu, na haikuwa kweli."

Akamimina chai ya moto kwenye glasi mbili, akafunga mdomo wa moja kwa nailoni nene na ya pili kwa ile nyembamba, akazibana zote kwa mpira. Juu ya kila moja akaegemeza kioo. Kioo cha nailoni nene kilibaki kikavu. Cha pili kikaingia ukungu mpaka fundi wa mashine hakuweza kuona ndevu zake. Kisha Shangazi akaipindua glasi hiyo juu chini. Chai haikudondoka.

"Hiyo inapumua," mmoja wa wafanyakazi akasema.

Jioni hiyo Shangazi alifika nyumbani mikono mitupu. Dirisha likafunguliwa, mablanketi yakaondolewa, na Bibi akalazwa bila nepi juu ya vitambaa vilivyokunjwa. Muuguzi wa zahanati aliyekuja kumtazama alikubaliana nao. "Ngozi inataka hewa na ukavu," akasema. "Msafisheni kwa maji, mkausheni bila kusugua, mgeuzeni mara kwa mara. Na hata mkipata nepi nzuri kiasi gani, ikilowa ibadilisheni. Hakuna nepi ya kushinda nayo." Siku hizo mashuka yalifuliwa mpaka kamba zikajaa, Baba naye akifua, na hakuna aliyenung'unika, au kama alinung'unika alijifungia chooni.

Karakanani nako mambo hayakuwa mteremko. Nepi za kwanza zilivuja, kwa sababu mashine ilikuwa ya moto mno na iliunguza ile nailoni nyembamba kwenye kingo. Wafanyakazi wawili walisema heri ya zamani. Shangazi alikaza uzi. Joto la mashine likapunguzwa, lastiki ikabadilishwa kwa iliyo laini na pana zaidi, na ikawa sheria kwamba kila aina mpya ya nepi inavaliwa mkononi na mtu wa karakana, ikiwa imelowa, kabla ya kwenda kwa mteja. Fundi wa mashine alivaa ya mwisho siku nzima, akasahau, akaenda nayo mpaka nyumbani.

Nepi ya aina hiyo ilipokuwa tayari, Shangazi akaileta nyumbani. Vipele vya Bibi vilikuwa vimenywea na ngozi imeanza kurudia rangi yake. Mama na Mbishi walikuwepo. Shangazi akaikunjua juu ya kitanda kwa furaha, akainama, akaanza kufunua shuka.

Mkono wa kushoto wa Bibi ukamdaka kifundo cha mkono.

"Mama, hii ni nyingine," Shangazi akasema. "Nimeivaa mwenyewe. Haina joto."

Bibi hakuachia. Midomo yake ilihangaika, ikatafuta njia, na jasho likamtoka usoni. Mama alitaka kumsaidia, Mbishi akamzuia. Walingoja.

"Ni... ulize," Bibi akasema.

Shangazi akapiga magoti chini, sakafuni, nywele zake zenye mvi zikiwa usawa na mto. "Mama, naomba nikuvalishe hii. Unakubali?"

Bibi aliangalia dari. Alijipa muda wake wote, na hakuna aliyemharakisha. Halafu akamwachia binti yake mkono, akalifunua shuka mwenyewe.

Walipomaliza, Shangazi alimvuta Mbishi karibu. "Sauti uliyonitolea siku ile haikuwa na adabu," akasema, "na nimesikia mama yako alikuvuta sikio, alifanya vizuri."

"Nisamehe, Shangazi."

"Sauti nimeisamehe. Maneno usiyaombee msamaha, yalikuwa ya kweli. Mtu akikikataa kitu ulichomtengenezea, usikimbilie kumwita mkaidi. Kijaribu kwenye mwili wako, halafu useme ukweli wa ulichokisikia, hata kama unakuumbua mbele ya watu wako." Akamtazama mama yake, ambaye tayari alikuwa ameanza kusinzia, mkono wa kushoto umetulia juu ya shuka. "Na hili la kuuliza kwanza, mimi nimefundishwa leo, nikiwa na mvi hizi."