Nyanya za Soko na Nyanya za Nyumbani

Kila Jumanne asubuhi Noella alimbeba Fiston mgongoni, akapanda basi dogo pale Kavimvira, akaenda Kiringye kwa wakwe zake. Mzee Félicien, baba mkwe wake, alilima nyanya kando ya mfereji. Mama mkwe, Anne-Marie, alizichuma. Noella aliziuza mjini, karibu na mpaka. Zilikuwa na weupe juu yake kama unga wa muhogo, na wateja waliutafuta weupe huo. "Nyeupe ndiyo inakaa siku mingi," walisema.

Jumanne moja alikuwa akipanga nyanya kwenye kitunga. Fiston, mtoto wa miaka miwili, akachukua moja, akaing'ata. Bibi yake alimfikia kabla hajameza. Akakitoa kipande mdomoni kwa kidole, akamfuta ulimi kwa kitenge.

"Hapana, mume wangu," alimwambia mjukuu wake. "Hii iko ya soko. Ngoja nikupe ya nyumbani."

Akaenda nyuma ya jiko, kwenye mistari miwili midogo ya nyanya, akarudi na nyanya isiyo na weupe.

"Mama, tofauti yake ni nini?" Noella aliuliza.

"Hizi baba yako alizipiga dawa jana jioni. Zile hatupigi. Zile tunakula sisi."

"Na watu wa mjini?"

Anne-Marie alifunika kitunga kwa majani ya mgomba. "Wataosha," alisema, bila kumtazama.

Njia nzima Noella aliwaza. Kama hazimfai Fiston, zinamfaa nani? Lakini mzee akiacha dawa, ugonjwa utakausha shamba, na Fiston atakula nini? Kila alipopata jibu, swali lingine lilikuja kulikalia.

Sokoni alizifuta nyanya za juu moja moja. Wateja walizishika, wakazigeuza, wakaziacha.

"Mama Fiston, leo umetuletea mabaki?" mmoja alimtania.

Jioni akapita jirani yake, Mama Luc, mwenye mimba ya miezi saba. Aliinama, akachagua zenye weupe zilizobaki chini ya kitunga. "Minye niko wawili sasa, nataka nzuri," alisema akicheka.

Noella alitaka kumwambia. Akisema, atawaaibisha wakwe zake mbele ya soko. Akinyamaza, je? Alinyamaza. Mama Luc akaenda zake.

Kesho yake alikuja Madame Annie, agronomu, mtaalamu wa kilimo aliyezoea kununua vitunguu kwake.

"Madame, nikikuuliza kitu utanicheka?"

"Inategemea kitu."

Noella alimweleza yote. Madame Annie hakucheka. Alichukua nyanya moja, akaipitishia kidole.

"Huu weupe ni dawa iliyokauka."

"Basi ni sumu. Mzee aiache?"

"Sikusema aiache. Mvua ikileta ugonjwa wa majani, bila dawa anaweza kupoteza shamba. Kosa iko kwenye siku. Kila dawa iko na siku za kungoja kati ya kupiga na kuchuma. Zimeandikwa kwenye chupa."

"Na kuosha?"

"Osha kila mara. Inapunguza, haimalizi. Halafu, pampu ya kupigia dawa anaioshea wapi?"

"Kwenye mfereji."

"Chini ya mfereji kuna nani?"

Noella alifikiri. Kulikuwa na mashamba ya mpunga. Kulikuwa na akina mama waliochota maji. Hakuwahi kuwahesabu kuwa watu wa nyanya zake.

"Aioshe mbali na maji," Madame Annie alisema. "Na yale maji machafu ayapige kwenye nyanya zilezile."

"Lakini wateja wanataka nyeupe, Madame. Umenichanganya zaidi."

"Nani aliwahi kuwaambia mengine?"

Alhamisi Noella alikuwa tena Kiringye. Mzee Félicien alikuwa akinoa jembe, pampu ikiwa tayari kando yake. Mke wa mtoto hamfundishi baba mkwe kazi. Noella alichukua chupa ya dawa, akaketi karibu na Anne-Marie.

"Mama, nikusomee? Kusoma Kifaransa ndiyo tunajifunza kwenye masomo ya jioni."

Alisoma polepole, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili. "Ngoja siku saba kabla ya kuvuna."

Anne-Marie alimwangalia mume wake, akapandisha sauti. "Siku ngapi?"

"Saba, Mama."

"Rudia, sijasikia."

"Minye nimesikia," mzee alisema. "Masikio yangu bado mazima." Aliweka jembe chini. "Aliyeniuzia alisema nipige hata siku ya kuchuma, zipendeze. Na weye, Mama Fiston, chupa inasema nini juu ya pampu?"

Noella alimsomea hilo pia. Siku hiyo mzee alipiga dawa, akaosha pampu shambani, mbali na mfereji.

Jumanne iliyofuata, simu ya Noella ililia kabla hajatoka nyumbani. Mzee hakuwahi kumpigia yeye mwenyewe.

"Usipande gari," alisema. "Leo iko siku ya tano."

Noella akakaa sokoni na vitunguu peke yake. Mama Luc alipofika aliuliza, "Nyanya iko wapi?"

Noella alimwambia yote: dawa, siku, mistari ya nyuma ya jiko, na jinsi alivyonyamaza wiki iliyopita.

Mama Luc aliweka mkono tumboni. "Zile nilikula mbili mbichi, na chumvi."

"Nisamehe. Nilijua, na sikusema."

Mama Luc alitazama meza ya jirani, ambako nyanya nyeupe zilipangwa vizuri. Kisha akamgeukia Noella.

"Zako zinakuja lini?"

"Alhamisi."

"Basi leo tunapika sombe tu, majani ya muhogo bila nyanya."

Alhamisi Mama Luc alikuja na wanawake wawili. Waligeuza zile nyanya zisizo na weupe, wakamtazama Noella.

"Huyu anasema weye unahesabu siku," mmoja alisema. "Hesabu, tusikie."

Noella alinyoosha kidole cha kwanza. "Ijumaa, moja," alianza, na wale wanawake wakahesabu pamoja naye mpaka saba.