Chupa za Kiotesha

Kiotesha kilinguruma taratibu kama friji kuukuu, na kwenye kioo chake ubongo wa Mzee Mbaruku ulionekana wote, upande wa kushoto ukiwa na doa jeusi la ukubwa wa kokwa ya tende. Hapo ndipo damu ilipokwama siku ya kiharusi, seli zikafa kwa kukosa oksijeni, na sauti ya muadhini aliyejulikana Tanga nzima ikazimika. Sasa, pembezoni mwa doa, vilimeta vitone vya kijani. Kila kitone ni seli changa. Mashine ilidondosha homoni kwenye mshipa wa shingo, na homoni ile iliziamsha seli zilizolala, zikagawanyika, zikatambaa kuelekea palipokufa.

"Si... watu," alisema mzee.

Siwatu, binti yake na fundi wa mtambo huo, alicheka huku machozi yakimtoka. "Naam, baba. Na bado. Utanigombeza mpaka nihame nyumba."

Taa nyekundu ikawaka. Chupa ilikuwa inakwisha, na lifti ndogo ya kupandishia chupa ilikuwa imekwama. Seli changa zikikosa homoni kwa saa moja hufa, na zikifa hazioti tena. Siwatu akashuka mwenyewe ghorofa ya chini, ambako mafundi hawakuruhusiwa kufika.

Harufu ilimpokea mlangoni: damu iliyolala, na dawa ya kudekia juu yake. Kwenye meza ya chuma, Bi Chausiku, msimamizi, alikuwa anatumbukiza makondo ya nyuma katika kisagio, moja baada ya jingine. Pembeni vilipangwa visanduku vyeupe vya utepe, vile wanavyokabidhiwa wazazi wakazike kondo uani. Katika kila kisanduku alikuwa ametia kipande cha ini la mbuzi.

"Unashangaa nini, mwanangu? Wanataka cha kuzika, nawapa cha kuzika. Hakuna anayefungua."

"Wenyewe wanajua?"

"Wakijua watakubali? Halafu huyo babako ataoteshwa kwa homoni ya nani, ya kuku?" Bi Chausiku alicheka, akajifuta mikono kwenye aproni.

Siwatu alivitazama vile visanduku. Mwezi wa tatu mwaka huo yeye mwenyewe alijifungua katika jengo hilo hilo, mtoto asiyelia. Kisanduku cha kondo lake alikibeba Mzee Mbaruku, wakati huo mzima wa afya. Akachimba mwenyewe kando ya ukuta wa uani, akaomba dua, sauti ikimtetemeka. Tangu hapo Siwatu alipamwagia maji kila asubuhi.

"Chukua chupa yako. Bado ya moto."

Ilikuwa ya moto kweli, moto wa mwili. Akiwa ngazini alitamani kuiachia ipasuke kwenye saruji. Alipofika juu, vitone vya kijani vilikuwa vinafifia, na midomo ya baba yake inahangaika na jina lake, haliji.

Akaifunga chupa mahali pake. Kijani kikarudi.

"Ahsante," alisema mzee, neno zima, bila kukwama. "Ahsante, mama."

Ndivyo alivyomwita tangu akiwa mdogo. Siwatu aliwahi kwenye sinki. Akanawa mikono, akainusa, akanawa tena.

Kioo cha Kiotesha kilikuwa kinauliza kama kesho iletwe chupa nyingine. Akabonyeza ndiyo kwa kiwiko.