Bahari Ilipopata Joto

Kila Desemba Ronnie alipata likizo, akapanda basi kutoka Mombasa hadi kwao, nje kidogo ya Eldoret. Mama yake, Nekesa, alimwekea mahindi. Aliyakata pamoja na mabua, akayasimamisha shambani kwa mafungu, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Ronnie akifika, waliketi jikoni wakapukuchua na kupiga soga mpaka vidole viwaume. Nekesa alikuwa mjane. Siku hizo ndizo alizozingoja mwaka mzima.

Oktoba moja, jirani yake Chelimo aliingia uani. Chelimo ni afisa wa kilimo, na hapendi kuzungukazunguka.

"Mama Ronnie, mahindi yamekomaa. Vuna wiki hii."

"Nangoja kijana wangu."

"Mvua haitamngoja. Redio imesema bahari ya upande wetu imepata joto kuliko kawaida."

Nekesa alicheka. "Sasa mimi na bahari wapi na wapi? Hata sijawahi kuiona."

"Na mvua unayolimia, unafikiri inatoka wapi? Bahari ikipata joto, mvuke unapanda mwingi. Upepo unauleta mpaka huku, unakuwa mvua. Na sisi watu, kwa moshi wa magari na viwanda, tunazidi kuipasha. Mahindi yakinyeshewa yatashika kuvu. Kuvu nyingine iko na sumu, na hiyo sumu haiishi hata ukipika."

Jioni Ronnie alipiga simu.

"Mama, huku maji ya bahari ni vuguvugu hata asubuhi. Sikiza Chelimo. Vuna tu."

"Na wewe utakuja kufanya nini?" Aliogopa kwamba bila mahindi, mwanawe hangeona haja ya kuja.

"Nitakuja kukuona, Mama."

Nekesa hakuamini sana, lakini alivuna. Alianika mahindi juu ya turubai, si kwenye udongo. Nekesa alipomaliza kupukuchua, Chelimo alitia punje kwenye chupa kavu ya glasi, akaongeza chumvi kavu, akatikisa, kisha wakangoja dakika kumi na tano.

"Chumvi ikishika kwa chupa, mahindi bado yana maji."

Ilishika. Wakaanika siku tatu zaidi, wakapima tena kwa chumvi mpya. Safari hii chumvi yote ilianguka chini. Magunia yakapangwa juu ya mbao.

Wiki iliyofuata mvua ilianza, na haikupumzika mpaka Desemba. Mahindi ya wengi yaliozea shambani.

Ronnie alifika akiwa amelowa chapachapa. Alitazama magunia, akatabasamu kidogo.

"Kumbe umemaliza kazi yote."

Nekesa aliinama, akavuta karai kutoka chini ya meza. Lilikuwa na mahindi kumi na mawili makavu, hayajapukuchuliwa.

"Haya ni yako," alisema. "Kaa hapa karibu."

Walipukuchua polepole, ili yasiishe haraka.