Masharti ya Mtawa

"Usimsogelee!" Miwani alisema huku akimbana Lifti begani. "Nani yule pale darajani?"

"Ni mchezaji tu." Lifti alicheka bila kuondoa macho kwenye kompyuta. "Mbona umeshtuka kama umeona jini?"

"Huu ulimwengu ni wetu wawili. Una neno la siri. Kaingiaje?"

Ilikuwa Jumamosi, jua linaelekea kuzama. Kila mwisho wa wiki wachumba hao walikaa sebuleni kwa Lifti, kila mmoja na kompyuta yake, wakicheza gemu la falme za kale, lenye makasri, wachawi na majoka. Lifti alikuwa fundi wa lifti za maghorofa na jina la kazi likamganda. Miwani naye alikata vioo kwenye duka la daktari wa macho, ingawa yeye mwenyewe hakuvaa miwani na macho yake yalikuwa makali kama ya mwewe.

Kwenye gemu hilo unaunda mtu wako umfanye utakavyo. Wengi huunda mashujaa wa panga. Miwani aliunda mtawa wa kike, kisha akamwekea masharti ambayo gemu lenyewe halikuyadai. Mtawa hashiki silaha, haui hata panya, hapandi farasi, hasemi na mtu yeyote na halali ndani ya nyumba ya mtu. Akifa mara moja, anafutwa na habari yake imekwisha. Shujaa wa Lifti, mwenye deraya nzito, alimfuata nyuma akipigana na kila kinachotoa meno, akilalamika kwa raha zake.

Mtu wa darajani alivaa joho la kijivu. Alisogea mpaka mbele ya Mtawa akasimama. Maandishi yakatokea chini kwenye kioo:

"Bado huongei? Bado hushiki kisu? Mtiifu wangu, nimekutafuta sana."

Miwani aliyasoma mara mbili. Mtiifu wangu. Duniani kote ni mtu mmoja tu aliyewahi kumwita hivyo.

Akachomoa waya wa kompyuta ukutani.

"Wewe! Hatujahifadhi mchezo!"

"Ni nani yule? Lifti, nijibu, ni nani?"

"Anajiita Msafiri. Ni rafiki yangu wa mtandaoni, mstaarabu kweli. Neno la siri nimempa mimi. Nilitaka kukushtukiza, anampenda sana Mtawa wako..."

"Kumbe mko pamoja," alisema taratibu, akirudi kinyumenyume. "Alikutuma kwangu tangu mwanzo?"

"Nani kanituma? Mpenzi, unaongea nini?"

Miwani hakungoja. Alishuka ngazi peku, viatu akaviacha mlangoni, na hakuangalia nyuma mpaka alipofika kwake akasukuma meza nyuma ya mlango.

Jumapili nzima simu haikupoa.

"Mpenzi nimekosa nini?"

"Pokea hata unitukane."

"Viatu vyako ninavyo. Nimekuja, nimegonga, nimesikia unapumua. Nimeondoka ili nisikuogopeshe."

Ujumbe huo wa mwisho aliusoma tena na tena. Kama Lifti alikuwa mtu wa yule mwingine, mbona aliondoka? Yule mwingine hakuwahi kuondoka mlangoni.

Jumatatu alikwenda kazini kwa kuzunguka nyuma ya majengo, akigeuka kila gari likipunguza mwendo. Mchana, akiwa kwenye mashine ya kukatia vioo, mlango wa uani ukagongwa. Alichungulia kupitia nondo. Lifti alikuwa amesimama na ovaroli lake la kazi, viatu vya Miwani amevishika mkononi.

"Sifungui," alisema Miwani.

"Usifungue. Ila niulize lolote, nitakujibu. Usininyamazie tu."

"Unamjua Mkandarasi?"

"Mkandarasi gani? Mimi kazi yangu ni kwenye maghorofa, makandarasi nawajua kama ninavyowajua mbu."

"Niangalie machoni."

Lifti akamwangalia. Macho yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala, lakini hayakukwepa.

Ndipo Miwani alipomwambia, mara ya kwanza tangu wajuane. Kabla ya kuhamia mji huu alikuwa mchumba wa mtu mwingine, mkandarasi wa majengo, mwenye pesa na maneno ya asali.

"Gemu lenyewe alinifundisha yeye," alisema. "Akawa ananipa masharti. Leo mtu wako haongei mpaka nikuruhusu. Leo hatoki kijijini. Mimi nacheka, nasema ndiyo mchezo. Halafu siku moja kompyuta ikazimwa, masharti yakabaki. Usiongee na majirani. Usishike ufunguo. Usitoke mpaka nikuite. Nilipovunja, alinifungia stoo na magunia ya saruji. Akifungua ananiuliza, 'Mtiifu wangu, umejifunza?'"

Lifti alishika nondo.

"Nilitoroka na nguo niliyovaa."

"Sasa kwa nini..." Lifti alisogeza uso karibu. "Kwa nini Mtawa wako anacheza kwa masharti yaleyale?"

"Kwa sababu haya nimejiwekea mwenyewe! Nikiyachoka nayaacha, na hakuna wa kunifungia popote. Wewe uliona nacheza. Mimi nilikuwa nakitafuta nilichonyang'anywa, palepale niliponyang'anywa."

Lifti alikaa kwenye kreti la soda.

"Video," alinong'ona.

"Video gani?"

"Nilikuwa narekodi tukicheza. Naweka mtandaoni. Watu wanampenda Mtawa, wanasema hawajawahi kuona mtu akipita katikati ya vita bila hata fimbo. Na wewe unasikika nyuma, unacheka."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza. Nilijiona fundi, nikasema nitakuonyesha siku watazamaji wakijaa." Alivipangusa vile viatu vumbi. "Msafiri alisifia kila video. Akaniuliza mchumba wangu anafanya kazi gani, mbona ana mkono mtulivu hivyo. Nikajisifu."

"Ulimwambia nini, Lifti?"

"Nilimwambia... duka la miwani. Mkabala na benki."

Mashine ndani ilikuwa ikizunguka tupu, ikilia kama nyuki.

"Nazifuta zote sasa hivi," Lifti alisema. "Mbele yako."

"Futa. Na macho yake utayafuta?"

"Basi twende polisi."

"Niende niseme nini? Kwamba mtu amenisalimia kwenye gemu? Watanicheka. Ondoka, Lifti."

"Miwani..."

"Ondoka!"

Aliweka viatu kizingitini akaondoka.

Jumatano, mchana wa jua kali, Mama Daktari aliingia karakana ya vioo alimokuwa Miwani, akijipepea na bahasha. Mwenye duka huyo alikuwa mama mnene, mwepesi wa maneno, na wateja walimwogopa kidogo kuliko walivyompenda.

"Binti yangu, chumba cha giza kuna mwongo," alisema. "Anadai haoni, lakini herufi zote kazisoma, mpaka zile za chini ambazo hata mimi nazikisia. Kang'ang'ania macho yanamuuma. Nimemtia matone ya kupanua mboni, nikamtazame ndani. Mpelekee fremu achague wakati anasubiri, labda shida yake ni urembo tu."

Miwani alichukua trei ya fremu. Alipousukuma mlango wa chumba cha giza, simu ikatetema mfukoni. Akaitoa kwa mkono mmoja, akaitazama. Lifti.

"Msafiri kaniuliza leo unatoka kazini saa ngapi. Sijamjibu. Nakuja. Tafadhali usitoke dukani."

Mlango ulikuwa umeshajifunga nyuma yake.

"Umekonda, Mtiifu."

Trei ilianguka. Katika mwanga hafifu wa taa ya vipimo aliona kiti kirefu, na kwenye kiti mabega aliyoyajua hata gizani.

"Usiokote," Mkandarasi alisema kwa upole. Hakuwahi kupaza sauti, hata siku za stoo. Aliinuka, akapapasa kidogo hewani kama mtu aliyetoka usingizini, kisha vidole vyake vikampata kifundo cha mkono. "Sikukasirikii. Ulipotea, nimekupata, basi. Gari liko nje. Utatangulia. Yule mama hutamsemesha. Simu nipe. Utaingia, utakaa nyuma, na tukifika nyumbani tutazungumza."

Simu ikaenda. Hakujua mkono wake uliitoaje. Jambo lililomtisha kuliko vidole vile ni kwamba miguu yake ilikuwa imeshaanza kutembea.

Wakatokea sebule ya wateja. Mama Daktari aliinua uso mezani.

"Kachagua?"

Miwani alitazama mlango wa nje.

"Ni mchumba wangu, mama," Mkandarasi akajibu akitabasamu. "Kuna dharura ya kifamilia, namchukua mara moja."

"Nimekuuliza wewe?" Mama Daktari akasimama. "Binti, mbona umepauka? Unamjua huyu?"

Vidole vilikaza. Miwani alifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Akaufungua tena.

"Namjua," alisema, kwa sauti nyembamba ya mbu. "Mama, usimwache anitoe humu."

"Unasemaje? Sauti!"

"Usimwache anitoe! Ananiteka! Huyu mtu ananiteka!"

Mara hii sauti ilivuka barabara. Mlinzi wa benki aligeuka. Mkandarasi aliacha upole wake hapohapo. Alimvuta kwa nguvu, kiti kikapinduka, Mama Daktari akamdaka Miwani kiunoni akavuta upande wake, na kwa sekunde kadhaa binti wa watu alikuwa kama kamba. Mkandarasi akaupiga mlango teke, ukafunguka, na jua lote la mchana likamwingia machoni.

Mboni zake zilikuwa zimefunguka pima kwa matone. Alipiga ukelele, akafunika uso kwa mikono yote miwili. Miwani akaanguka chali juu ya Mama Daktari.

Lifti alifika akikimbia, mkanda wa vifaa ukigongagonga kiunoni. Alimwona Miwani sakafuni, akamwona yule mtu akiyumba kizingitini. Akachomoa spana kubwa.

"Lifti, usimpige!"

"Huyu ndiye?"

"Ndiye. Usimpige! Nataka afike polisi na mifupa yake yote, asije akajifanya yeye ndiye aliyeonewa!"

Lifti aligeuka akamtazama Miwani. Kisha akaishusha spana, akaingia katikati, mgongo kwa Miwani, uso kwa Mkandarasi, akasimama hapo mpaka mlinzi wa benki alipomkalisha mtu yule chini na gari la polisi likaja.

"Huyu ni mgonjwa wa akili," Mkandarasi alikuwa akisema, machozi yakimtiririka kwa mwanga. "Ni mtu wangu. Mwulizeni yeye."

"Simu yake inafanya nini mfukoni mwako?" askari aliyekuwa akimpekua akauliza.



Kituoni Miwani alitoa maelezo jioni nzima, tangu gemu la kwanza mpaka stoo ya saruji. Hakuna aliyecheka. Askari wa kike aliyeandika alisimamisha kalamu mara moja tu, akamletea maji. Alipotoka, Lifti alikuwa kwenye benchi la nje, palepale alipomwacha.

Miwani alikaa, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

"Wamemweka ndani," alisema.

"Alhamdulillahi."

"Bado naogopa."

"Na mimi naogopa. Nilimleta mwenyewe mpaka mlangoni kwako."

"Ulimleta." Miwani hakumpunguzia. "Kesho mtu akisifia kazi yako utamwambia tena ninapopatikana?"

"Hapana. Sitasema habari zako kwa mtu kabla sijakuuliza. Hata kwa mama yangu."

"Mama yako tayari anajua saizi yangu ya gauni."

"Hiyo aliipima kwa macho." Alitaka kucheka, akashindwa. "Miwani, sikuombi unisamehe leo. Niambie tu unataka nikusindikize au nikuitie teksi."

Hilo ndilo lililomlegeza. Mtu kumpa njia mbili, kisha kukaa kimya akingoja.

"Nisindikize," alisema. "Lakini mpaka mlangoni tu. Na mimi nina langu la kukuambia: nilikuficha jambo zito, ukatembea kipofu. Lingekuwa wazi, usingejisifu."

"Ningejisifu kidogo tu."

Akacheka huku akilia, akasogea, nafasi ya katikati ikaisha.

Haikwenda haraka. Kesi ilisikilizwa, mwanamke mwingine akajitokeza na simulizi la stoo ileile, na Mkandarasi akahukumiwa kifungo. Miezi ile yote Lifti alikuwa akimfikisha mlangoni, anasema lala salama, anaondoka. Mpaka jioni moja Miwani mwenyewe alipomwita kutoka juu ya ngazi.

"Unakimbilia wapi? Huna njaa?"

Walifunga ndoa ofisi ya msajili, na watu wasiojaza hata safu mbili za viti. Mama mzazi wa Lifti alikuwa ameanza kulia kabla hata karatasi hazijafunguliwa. Msajili, mzee mwenye sauti ya usingizi, alifika kwenye swali lake.

"Kuna mtu mwenye pingamizi na ndoa hii?"

Mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa kishindo.

Miwani hakugeuka. Hakuweza. Alisikia hatua nzito zikija kati ya viti, akaona uso wa Lifti ukiangalia nyuma yake, akajaribu kuusoma kama mtu anayesoma herufi za mbali.

"Subirini!" sauti ikahema. "Msithubutu kuanza bila mimi! Kisigino kimevunjika ngazini, nimepanda na kiatu kimoja!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mama Daktari akajitupa kwenye kiti cha mbele, kiatu mkononi, jasho likimtiririka, akampungia msajili aendelee.

"Mama, hilo ni pingamizi?" msajili akauliza kwa uzito wake wote.

"Pingamizi la nini? Mwozeshe huyo kijana, nina wateja!"

Miwani alikuwa bado hajageuka. Lifti hakumshika. Aliunyoosha mkono wake mezani, kiganja juu, akangoja.

Miwani akauweka wake ndani.

"Hakuna pingamizi," Miwani alisema, na safari hii mpaka watu wa foleni ya nje walisikia. "Namkubali. Andika, mzee."